Sura ya Saba: Bangili ya Loishiye

"Nipime mimi," Meshaki alisema, akakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko. "Mmesema nimejaza damu yangu kwenye chupa ya mtoto. Sindano hiyo hapo."

Mkaguzi Shamsia Mdoe hakuwa na haraka ya kumjibu. Katika kazi yake alikwisha kuona watuhumiwa wa kila namna: wanaolia, wanaotukana, wanaougua ghafla. Wa kujitolea damu mwenyewe alikuwa huyu wa kwanza, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyotaka lionekane.

Shamsia alikuwa binti wa kijiji cha Misima, mama mtu mzima sasa, mkavu wa maneno. Aliwahi kuwa muuguzi wa wodi ya watoto kabla ya kuhamia kwenye kitengo cha kukagua tafiti za tiba, ofisi ndogo ambayo watafiti waliiogopa kuliko polisi. Alivaa glavu, akamchoma Meshaki kidoleni, akadondosha damu kwenye kigae cheupe na kuongeza dawa za kupimia.

"Kundi A," alisema.

"Basi ni ya mwingine," alidakia Dokta Awadhi Sadala, mkuu wa kituo, aliyekuwa amesimama dirishani mikono nyuma. "Mpita njia yeyote ana damu, mkaguzi."

"Kweli, dokta. Hata wewe unayo. Kaa kwanza."

Dokta Awadhi akakaa, shingo upande.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kusimulia na kigumu kumeza. Kituo hicho cha utafiti cha hapo Korogwe kilikuwa kinajaribu dawa ya maji ya kukinga watoto na malaria. Kila mwezi Meshaki alikwenda kwenye maboma ya wafugaji wilayani Handeni, akawanywesha watoto dawa, akawatoa damu kidogo na kuileta kupimwa. Mtoto mmoja, Loishiye, wa boma moja upande wa Kwedizinga, damu yake ya mwanzo ilikuwa kundi O. Damu ya mwezi uliopita, yenye namba yake ile ile, ilikuwa kundi B. Na kundi la damu halibadiliki kwa msimu kama bei ya mahindi.

Kesho yake alasiri wafadhili wangepiga simu kutoka ng'ambo kutaka maelezo. Tafiti zote za dawa zilizopita kituoni hapo zilikuja zimeshapangwa ng'ambo: swali la wenzao, jibu la wenzao, cha hapa ni damu tu. Huu ulikuwa wa kwanza ambao kituo kiliuliza swali chenyewe na kujipimia chenyewe. Wafadhili wakinusa udanganyifu, sampuli zote zingepakiwa kwenye barafu na kusafirishwa, na uongozi wa utafiti ungezifuata huko huko. Dokta Awadhi alikuwa ameupigania utafiti huo tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote.

"Meshaki," Shamsia alisema, "siku ile ulijuaje kwamba mtoto uliyemtoa damu ni Loishiye?"

"Niliangalia bangili."

"Bangili gani?"

Dokta Awadhi ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake ilichangamka. Mwanzoni watoto walifungwa vitambulisho vya plastiki mkononi, vikawa vinakatika miibani na kutafunwa na mbuzi. Akina mama wa maboma wakabuni chao: wakashonea kibati cha namba katikati ya bangili ya shanga. Kituo kikapenda, kikaagiza maboma yote yafanye hivyo. Wageni walipokuja, bangili hizo zilikuwa za kwanza kuonyeshwa.

"Utaratibu unasema mchukua damu asome namba kwenye bangili," Awadhi alimalizia. "Nimeuandika mwenyewe."

"Nami nikaisoma," Meshaki alisema. "Ilikuwa safari yangu ya kwanza kwenye boma lile. Aliyekuwa anakwenda ni Richard, akahamia Dar, mimi nikaongezewa njia yake juu ya yangu."

"Hukuuliza jina la mtoto?"

"Niliuliza. Bibi mwenye boma akasema, 'Huyu ndiye mtoto wa utafiti.' Kichwa kimenyolewa, bangili mkononi, namba ni yenyewe. Ningetaka nini zaidi?"

Shamsia aliyaweka maneno ya bibi huyo pembeni ya akili yake, yakakaa huko yakimwasha.

"Mkaguzi, tusizunguke," alisema Awadhi. "Huyu kijana hakufika kule. Alimtoa damu mtoto wa jirani huko njiani akaja na hadithi. Nimeshamsimamisha kazi. Andika hivyo, kesho niwaambie wafadhili tuna mtu mmoja mbovu na tumemwondoa."

Meshaki alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akatulia. Hakuwa na la kuongeza, na hilo ndilo lililomfanya Shamsia aanze kumwamini. Waongo hawapendi kimya, hukijaza.

*

Kabla ya kumwamini mtu, hata hivyo, Shamsia alikuwa na desturi ya kufunga milango mingine yote. Alitoka uani, akamkuta dereva Godlisten akiosha gari ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Godlisten, mkirudi kutoka Handeni na boksi la barafu, mnasimama wapi?"

"Hatusimami, mama."

"Meshaki amesema mnasimama Misima. Kila safari."

Kitambaa kilimponyoka dereva, kikaangukia kwenye ndoo. Kwa kitambo kidogo mkaguzi alidhani kesi imejileta yenyewe.

"Kuna mama mmoja anaitwa Mwantumu," Godlisten alisema hatimaye, akitazama tairi. "Ana mgahawa. Mimi... nakunywa chai pale."

"Chai kila safari?"

"Anapika chai nzuri, mama."

"Mimi ni mtu wa Misima, Godlisten. Mwantumu namfahamu. Chai yake ni maji ya moto." Shamsia alijizuia kucheka. "Wewe ukinywa hiyo chai, boksi liko wapi?"

"Mapajani kwa Meshaki. Hashuki nalo, haliachi. Nimemwambia mara ngapi aje ale, hataki."

Hapo mlango huo ukajifunga. Kila chupa ya damu ilizibwa kwa utepe wa karatasi na kutiwa saini juu yake pale pale kwenye boma, utepe ambao ukibanduliwa huchanika. Fundi wa maabara alikuwa amemthibitishia Shamsia kwamba chupa ya Loishiye ilifika utepe wake ukiwa mzima. Kwa hiyo hakuna aliyebadilisha kitu barabarani. Kilichoharibika kiliharibika kabla ya utepe, pale sindano ilipoingia mkononi.

"Kesho alfajiri tunakwenda Kwedizinga," alimwambia dereva. "Na hatunywi chai."

*

Nyasi za upande ule zilikuwa zimeanza kuchipua baada ya kiangazi kirefu, na ng'ombe walikuwa wamerudi, bado mbavu zikihesabika. Bibi Nkoile, mwenye boma, aliketi kwenye ngozi nje ya nyumba yake akitunga shanga. Hakuinuka. Aliwatazama wageni hadi walipofika mbele yake.

"Shikamoo, bibi," Shamsia alisema.

"Marahaba. Wewe si wa Korogwe."

"Mimi Mzigua wa Misima."

"Mzigua." Bibi alionekana kulipima neno hilo, akaliona halina ubaya. "Kaa. Naisiae, leta chai."

Naisiae, mkwe wake, alileta chai ya maziwa katika vikombe vya bati. Shamsia aliinywa yote, kwa sababu alijua mtu anayeacha chai kwenye boma hupewa majibu nusu. Kisha akaomba kumwona Loishiye.

Mtoto aliletwa. Alikuwa mwembamba, macho makubwa, kichwa kimenyolewa, na alijificha nyuma ya shuka ya mama yake. Naisiae alimtoa taratibu, akamnyoosha mkono. Bangili ilikuwepo, namba ilikuwepo. Shamsia aliisoma, ikalingana. Aliuinua mkono wa mtoto ili kutafuta mshipa, bangili ikateleza yenyewe kutoka kwenye kifundo, ikapanda hadi kiwikoni.

Mkaguzi aliacha alichokuwa anafanya.

Mtoto anakua. Kitu kilichomtosha miezi mingi nyuma leo kinapaswa kumbana. Hiki kilikuwa kinampwaya. Aliizungusha bangili kidogo kidogo akiikagua. Shanga nyingi zilikuwa zimechujuka kwa jua na jasho, lakini karibu na kibati kulikuwa na kipande cha shanga za buluu zinazong'aa, kama zimetoka dukani jana. Uzi nao ulikuwa mpya wote.

"Bibi," alisema, sauti ikiwa ya kawaida kabisa, "hii bangili imeongezwa."

"Nimeongeza mimi," Nkoile alisema bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Loserian ana mkono mnene kama babake. Haikumwingia."

Furaha ilimjia Shamsia kwanza, furaha tupu ya mtu aliyepata alichokitafuta, na nyuma yake ikaja hofu.

"Loserian ni nani, bibi?"

Nkoile alielekeza kwa kidevu. Kwenye kivuli cha nyumba ya pili alisimama mtoto mwingine wa rika lile lile, kichwa kimenyolewa, mashavu yamejaa, akitafuna kitu. "Wa mke mdogo wa mwanangu. Baba mmoja na huyu."

"Na kwa nini alivaa bangili ya Loishiye?"

"Kiangazi kilikuwa kibaya. Naisiae alihama na ng'ombe kwenda upande wa Mto Pangani, mtoto akaenda na mama yake. Bangili tukaibakiza. Siku ya watu wenu ikafika. Tungefanyaje?"

"Mngesema hayupo."

Hapo bibi aliweka shanga zake chini. Alimtazama Shamsia kama mtu aliyetukanwa na mgeni ambaye bado anamheshimu.

"Boma liliahidi," alisema. "Daktari wenu alikuja hapa, tukamchinjia mbuzi. Akasimama pale pale ulipoegesha gari, akasema anaomba mtoto mmoja kila boma, na asikosekane hata mwezi mmoja, maana akikosekana kazi yote inaharibika. Mume wangu akakubali mbele ya wazee. Wewe ukimwahidi mtu ndama, ndama akafa, unampelekea maneno?"

"Hapana, bibi."

"Unapeleka ndama mwingine. Na aliye mnene zaidi, asije akasema umemdhulumu."

Hawa watu hawakumficha mtoto wala kudanganya. Walitafuta mtoto, wakamvalisha, wakaiongezea bangili shanga imwenee, wakamshika atolewe damu akilia, ili neno la mzee wao lisianguke. Meshaki alikuwa anapoteza kazi kwa sababu ya uaminifu wa watu wengine.

"Alikunywa ile dawa?"

"Alikunywa. Alitema kidogo."

"Akaumwa?"

"Alilala vizuri." Macho ya bibi yalibadilika. "Ilikuwa imdhuru?"

"Ngoja nimwangalie." Alimwita Loserian, akamshika paji la uso, akamfunua macho, akambonyeza tumbo, akasikiliza kifua. Mtoto hakuacha kutafuna. "Mzima, bibi. Huyu anatushinda sote. Lakini dawa hupimwa kwa uzito wa mtoto. Angekuwa mwembamba kuliko Loishiye, ingeweza kumdhuru."

Naisiae alimvuta Loishiye kwake. Nkoile aliuliza, "Kwani ninyi mnataka mtoto yule yule kwa nini?"

Hakuwa akibisha. Alitaka kujua, na Shamsia aliona aibu kwamba swali hilo linaulizwa leo, baada ya miezi mingi ya sindano.

"Ukimpa dawa ng'ombe mmoja, bibi, halafu ukaenda kumwangalia ng'ombe mwingine kama amepona, utajua dawa inafanya kazi?"

Nkoile alifikiri. "Hilo daktari wenu hakulisema," alijibu.

"Hakulisema."

"Angelisema, tungemtuma kijana amfuate Naisiae."

Mkaguzi alibakiwa na swali moja, na alilichukia kabla hajalitamka. "Ni boma lenu tu lililofanya hivi?"

"Siku ile wazee wa maboma yote walikuwa hapa," bibi alisema. "Wote waliahidi kwa maneno hayo hayo."

"Na kiangazi kilikuwa cha wote," Naisiae aliongeza.

Shamsia aliwaeleza taratibu anachotaka kufanya na kwa nini, na kwamba wana haki ya kukataa. Naisiae alikubali kwa ajili ya mwanawe. Mama yake Loserian aliitwa kutoka zizini, akaelezwa upya tangu mwanzo, akakubali naye. Mkaguzi akawatoa damu watoto wote wawili kwa mkono wake, akaziba chupa, akatia saini. Njia nzima hadi Korogwe boksi lilikuwa mapajani mwake. Walipopita Misima, Godlisten aliangalia mbele tu kama askari wa gwaride.

*

Meshaki alikuwa kwenye benchi nje ya maabara. Hakuna aliyemwambia abaki, na hakuna aliyemwambia aondoke. Shamsia alimpita, akaingia, akaweka boksi mbele ya Dokta Awadhi.

"Chupa mbili. Moja ya Loishiye, nyingine ya ndugu yake. Pima wewe."

"Nina mafundi."

"Nataka uone kwa macho yako."

Awadhi alivaa glavu. Mikono yake ilikuwa bado na ufundi wa zamani, haikumwaga tone. Alidondosha damu ya chupa ya kwanza kwenye kigae, akaongeza dawa za kupimia, akatikisa. Damu ilibaki laini pande zote mbili, nyekundu sawasawa. Kundi O. Alifanya hivyo hivyo kwa chupa ya pili. Upande mmoja wa kigae ulibaki laini. Upande mwingine, wa dawa ya kundi B, damu ilianza kujikusanya vipunje vipunje. Aliinama karibu zaidi ingawa hapakuwa na haja.

"B," alisema.

Shamsia alimweleza yote: kiangazi, bangili, ndama. Alipofika kwenye mbuzi aliyechinjwa, daktari alivua miwani. Alipofika kwenye maneno aliyoyasema mwenyewe mbele ya wazee, aliketi.

Saa ya ukutani ilikaribia wakati wa simu.

"Sikiliza, mkaguzi," Awadhi alisema kwa sauti ya chini. "Ukiandika hivyo, si mtoto mmoja tena. Ni kila boma. Mtu mbovu nikimfukuza utafiti unaendelea. Utaratibu ukiwa mbovu, utafiti wote unasimama. Andika kwamba Meshaki hakumhakiki mtoto. Si uongo. Hakumhakiki."

"Alisoma bangili. Ndivyo utaratibu unavyosema, na saini iliyo chini yake ni yako."

"Nitamtafutia kazi kwingine. Nakuahidi."

"Umeshaahidi vya kutosha, dokta." Damu ilikuwa imemchemka Shamsia, na hakujisumbua kuificha. "Unataka kumwangushia jumba bovu kijana ambaye hata chai ya Misima hanywi kwa kulinda boksi lako. Basi mwangushie. Lakini mwezi ujao dawa itaingia tena kwenye mdomo wa mtoto asiyeandikiwa, kwa kipimo kisicho chake, nawe sasa unajua. Ripoti yangu nitaandika nilichokiona. Simu ni yako."

Awadhi alikitazama kigae. Vipunje vilikuwa vimeanza kukauka pembeni.

"Nani kituoni hapa aliamua kila damu ipimwe kundi, kila mwezi?" Shamsia aliuliza. "Wafadhili hawakuagiza hivyo."

"Mimi. Waliona ni kupoteza vifaa. Niligombana nao."

"Bila ugomvi huo, kosa hili lingekwenda hadi mwisho na dawa ingeingia hospitalini kwa majibu ya uongo. Haya. Umelishika kosa kwa mkono wako mwenyewe. Unaliachia?"

Simu ililia. Awadhi aliiacha ilie kidogo, akavaa miwani, akapokea. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, cha mtu anayepanga mawe ili asiyarudie. Alisema hapakuwa na wizi wala ulaghai. Alisema kosa ni la kituo, na kwamba yeye ndiye aliyeandika utaratibu na yeye ndiye aliyezungumza na maboma. Alisema kuanzia sasa hivi hakuna mtoto atakayenyweshwa dawa hadi kila mmoja apimwe na kulinganishwa na damu yake ya mwanzo, ambayo ipo hapa, kwenye majokofu ya hapa, na kazi hiyo itafanywa na watu wa hapa.

Swali likaja kutoka upande wa pili, na Shamsia alilisikia kutoka alipokaa: nani aliligundua kosa hilo?

"Sisi wenyewe," Awadhi alisema.

Walimwambia wangempigia tena baada ya kushauriana. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Aliweka simu mezani, shati limemganda mgongoni, akatoka nje hadi kwenye benchi. Meshaki alisimama.

"Kesho tunakwenda Kwedizinga, mimi na wewe," Awadhi alisema. "Halafu maboma yote yaliyobaki. Nitazungumza mwenyewe, wewe utawatafsiria wazee wasionielewa. Nilikukosea, Meshaki. Nilijua kwamba huenda nakukosea, nikaendelea."

Meshaki aliangalia mikono yake, kisha akamwangalia daktari usoni.

"Watachinja mbuzi tena," alisema. "Ukifika, usile kwanza. Waambie kosa, ndipo ule."

"Na wakikataa kunikaribisha?"

"Hawatakataa. Ila zamu hii wazee hawataahidi kitu, dokta. Watakaa pale, watakusikiliza, na watataka uahidi wewe."